Vyura wa Darasa la Saba

Mwalimu wetu mkuu wa shule ya msingi ameaga dunia, na lile grupu la wanafunzi wa zamani, ambalo mwaka mzima huwa na picha za maua na salamu za asubuhi tu, limeamka. Kila mtu analia. Mmoja ameandika "mlezi wa wengi", mwingine ameandika "jembe limevunjika", na yule ambaye hakosi methali ametukumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kamati ya mazishi imetuomba kila mmoja aandike kumbukumbu fupi ya utotoni, itiwe kwenye kijitabu cha ibada ya Jumamosi. "Kitu cha kugusa moyo," wamesema.

Marehemu hasemwi, najua. Lakini nimeshinda na hasira tangu habari zilipofika asubuhi, na kila nikifumba macho nitafute kumbukumbu ya mwalimu, pua yangu inanipeleka kwingine kabisa. Inanipeleka kwenye harufu ya mafuta ya mandazi iliyochanganyika na harufu ya vumbi juu ya televisheni iliyopata moto. Basi nitaandika hiyo. Kamati ikiikataa, shauri yao.

Tulikaa mtaa wa Ziwani, kwenye zile nyumba za zamani ambako mfereji ni mmoja na siri ni za wote. Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa Mama Shiro. Chumba chake cha mbele kilikuwa na televisheni mbili, mashine mbili za gemu na padi zake za kuchezea, benchi moja refu na pazia zito la kuzuia jua. Nje ya mlango aliweka jiko na karai la mandazi. Biashara zote mbili alizisimamia akiwa ameketi kwenye kigoda kimoja, mgongo ukiangalia watoto na uso ukiangalia mafuta.

Mama Shiro hakupima muda kwa saa. Alipima kwa karai. Ukilipa, zamu yako ilianza wakati mandazi ya kwanza yanatumbukizwa, na iliisha alipoyaopoa na kupiga kelele, "Zimeiva! Padi chini, mwingine aingie!" Kwa hivyo sisi watoto wa pale tulijua mambo ya makaa kuliko watu wazima. Msimu wa baridi, makaa yakiwa na unyevu, zamu ilikuwa ndefu na tamu. Kukiwa na upepo, jiko linawaka kama lina kichaa na zamu inakatika hujafanya lolote. Kuna vijana waliokuwa wakisimama kando ya jiko kuukinga upepo, wakijifanya wanaota moto, mpaka Mama Shiro awafukuze na kijiti cha kugeuzia mandazi.

Kaka yangu Odhiambo, mtaa mzima ulimwita Odhis. Wenzake walicheza gemu za mpira na ngumi. Yeye alicheza gemu moja tu, ambayo tuliiita ya Daraja, na wengine waliichukia kwa sababu haikuwa na mwenzako wa kumshinda. Ilikuwa ya kijana mmoja aliyevaa koti jekundu, akitembea nchi nzima na upanga mfupi. Sidii yake ilikuwa ya kunakiliwa, na maandishi yote yalikuwa ya nchi ya mbali, herufi zilizofanana na vibanda vidogo vilivyojengwa vikabanana. Hakuna aliyejua yule kijana anaitwa nani wala anatafuta nini. Tulimwita Jamaa. Kitu pekee tulichoweza kusoma ni nambari iliyokuwa kando ya uso wake.

Mimi nilikuwa darasa la pili, na kwangu nambari iliyo kando ya mtu ilikuwa na maana moja tu.

"Jamaa ako class ngapi?" nilimuuliza Odhis.

Aliangalia nambari. "Class nine."

"Hakuna class nine. Primary inaishia eight."

"Kwa Jamaa ziko mob," alisema, yaani ziko nyingi, bila kucheka. Odhis hakuwahi kunicheka. Basi tangu siku hiyo hata yeye akasema hivyo: Jamaa amepanda darasa, Jamaa amebakisha kidogo apande. Kila alipopanda, tarumbeta ililia na mwanga wa dhahabu ukamzunguka kutoka miguuni. Nilidhani hivyo ndivyo watu hupandishwa darasa huko mbali, na nilisikitika kwamba sisi tulisomewa majina tu kwenye gwaride, tukiwa tumesimama juani.

Karibu na mwanzo wa gemu kulikuwa na daraja, na kwenye daraja kulikuwa na mlinzi mkubwa mwenye shoka. Tulimwita Soja, kama tunavyowaita walinzi wote wa geti. Kabla ya daraja kulikuwa na kinamasi chenye vyura wa buluu. Ukimpiga chura, Jamaa anapata nguvu kidogo. Ukipiga vyura wengi, anapanda darasa. Wengine wote walipiga vyura wachache, wakachoka, wakakimbilia daraja, Soja akawapiga shoka moja na kioo kikawa cheusi. Odhis alikaa kinamasini. Alikaa karai baada ya karai, siku baada ya siku, akihifadhi safari yake kwenye kile kikadi cha kumbukumbu ambacho Mama Shiro alikiweka kwenye kopo la chumvi tupu.

"Aki Odhis, unatubore," vijana wa benchi walilalamika. "Peleka huyo msee kwa daraja!"

"Bado hajaiva."

"Ataiva lini? Ama unangoja Mama Shiro amkaange?"

Watu walicheka, Mama Shiro naye akacheka, na Odhis akaendelea kupiga vyura. Mimi sikucheka. Niliona kaka yangu ana busara. Wengine walitaka kupanda haraka wakaishia kulala chini ya shoka. Yeye alijua kungoja, na nilimpenda kwa hilo.

Kisha ikafika wakati tarumbeta ikaacha kulia. Niliketi kando yake karai zima, nikangoja mwanga wa dhahabu, haukuja. Kesho yake tena haukuja.

"Mbona hapandi?"

"Vyura wameisha."

"Si hao hapo?"

"Wako, lakini hawampi kitu." Alisimamisha gemu anieleze, na hiyo ilikuwa heshima kubwa, kwa sababu makaa hayasimami. "Akiwa mdogo, chura mmoja ni kitu. Saa hii ameshajua kila kitu chura anajua. Anaweza wapiga mpaka Krismasi na asipande. Mwenye alitengeneza gemu alifanya hivyo makusudi, ndiyo mtu asikae hapa."

"Sasa mbona unakaa?"

Alifikiria. Nakumbuka alivyolamba mdomo wake uliokauka. "Nataka kuwa sure," akasema, akarudi kwa vyura.

Kuna jambo sijasema. Wakati huo Odhis alikuwa anamaliza darasa la saba kwa mara ya pili. Mwaka uliotangulia wenzake walisomewa majina ya kwenda la nane, yeye akaambiwa arudie kidogo, ajiimarishe. Aliambiwa hivyo kwa upole, mkono begani. Akarudia. Akakaa na watoto waliomfika kifuani, akajibu maswali aliyokwisha kuyajibu, na jioni akaja kwa Mama Shiro kuhakikisha kwamba Jamaa hatafanya kosa alilofanya yeye, kosa la kusogea kabla ya wakati. Mimi sikuliona hilo. Nilikuwa nikiangalia vyura.

Siku ya kufungua shule tulisimama kwenye gwaride na majina ya darasa la nane yakasomwa. Hakutajwa. Mama alikuwa bado getini, akiwa amevaa sare yake ya kazi, maana alikuwa mpishi katika jiko la hospitali na alikuwa amepita kutuona tukiingia. Mama yangu ni mtu aliyeogopa ofisi zote, lakini siku hiyo alitushika mikono, mmoja huku, mwingine huku, akatupeleka moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

Ofisi ilinuka dawa ya sakafu. Juu ya kabati kulikuwa na kombe kubwa la fedha lenye masikio mawili. Mwalimu mkuu alimkaribisha mama kiti, akatabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri. Grupu likimsifu kwa hilo, halisemi uongo.

"Mwalimu, samahani," mama akasema. "Nimesikia jina la huyu kijana halijasomwa tena."

"Mama Odhiambo, mimi nalea watoto wengi, na najua kila mmoja. Huyu ni mtoto mzuri, ana adabu. Lakini hajaiva. Mwache aive."

Niliposikia neno hilo nilifurahi mpaka nikaruka kidogo. Lilikuwa neno letu! Nilimtazama Odhis nikitarajia naye afurahi, kwa sababu hapa palikuwa na mtu mkubwa, mwenye suti, mwenye kombe, anayejua mambo ya vyura. Odhis alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mwalimu," akasema, "hivyo vitabu nimevisoma mara mbili."

"Basi mara ya tatu vitakuwa rahisi."

"Ni rahisi tayari, mwalimu."

"Unaona?" mwalimu mkuu akamwambia mama. "Kiburi kidogo. Hiyo pia ni kutoiva."

Mama aliinuka kwenye kiti. Alisema asante. Alisema asante, na mpaka leo nikikumbuka ile asante naweza kuvunja sahani. Tulipokuwa tunatoka, mwalimu wa darasa la nane alikuwa anaingia na rejista, na mlango haukuwa umefungwa sawasawa.

"Huyo Odhiambo ni vipi?" akauliza.

"Huyo akae huko huko. Sio mbaya, lakini ni wa katikati. Akikalia mtihani, mean yetu inashuka."

Nilimuuliza mama mean ni nini. "Ni kitu ya walimu, nyathina," alisema, yaani mtoto wangu, akatembea haraka. Mimi nikajijibu mwenyewe. Nikaamini mean ni lile kombe juu ya kabati, na kwamba Odhis akikalia mtihani litashuka, labda kwa mtikisiko wa meza, livunjike masikio. Nikaona ni haki kulilinda. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba hakuna aliyekuwa akingoja kaka yangu aive. Walikuwa wanahesabu wastani wa alama za shule katika mtihani wa taifa wa darasa la nane, na mtoto wa katikati anayefanya mtihani huuteremsha, lakini mtoto wa katikati aliyefichwa darasa la saba hamteremshi mtu. Anaweza kufichwa huko hata ndevu zimuote.

Nina mtoto wa kiume sasa. Anacheza gemu kwenye simu, na gemu yenyewe inampandisha leveli kwa kuifungua tu. Akiamka, amepanda. Akinunuliwa bando, amepanda. Shujaa wake yuko leveli ya mia na kitu na hajawahi kumwogopa mtu, na nikimwambia huo ni upuuzi ananijibu, "Lakini mum, kupanda polepole inachosha." Baba yake anasema nina ushamba, gemu ni gemu. Mimi nawaambia wote wawili kwamba sijali kama mtu anapanda mbio au anapanda kwa kutambaa. Ninataka kujua aliyeweka mwendo huo anapata nini mimi nikichelewa. Aliyewatengeneza wale vyura wa buluu, popote alipo, alikuwa muungwana kuliko mwalimu wetu. Aliwanyima vyura nguvu za kutoa ili mtoto aelewe kwamba hapa pameisha, aende zake.

Siku ile ile, mapumziko ya saa nne hayajafika, nilimwona Odhis akipita kwenye dirisha la darasa letu na begi lake mgongoni. Alitembea kama mtu aliyetumwa. Tulipotoka kwa mapumziko nilipenya kwenye tundu la ua nikamfuata, na sikuhitaji kuuliza wapi.

Mama Shiro alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mtu mwenye yunifomu haingii saa za shule. Hata mtoto wake hakuruhusiwa. Nilipofika, Odhis alikuwa amesimama mbele ya jiko, na Mama Shiro akamtazama uso, akatazama beji ya darasa la saba kwenye sweta yake, beji ile ile ya mwaka juzi. Akasogeza kigoda. "Ingia," akasema. "Na huyo mdogo pia. Leo sipimi."

Chumba kilikuwa kitupu. Odhis alitoa kikadi kwenye kopo la chumvi, akawasha, televisheni ikanguruma na ile harufu ya vumbi la moto ikapanda. Jamaa alikuwa kinamasini mahali alipoachwa. Vyura walimjia, na kwa mara ya kwanza Odhis hakuwapiga. Aliwapita. Alimpeleka Jamaa moja kwa moja mpaka darajani.

"Ameiva?" nikauliza.

Soja alisimama, akainua lile shoka, na mimi nikaficha uso nyuma ya begi la kaka yangu kwa sababu sikutaka kuona kioo kikiwa cheusi. Nilisikia upanga ukipiga mara moja. Nikangoja shoka. Halikuja. Nilipochungulia, Soja alikuwa amelala chini na daraja lilikuwa wazi.

Pigo moja tu. Nilipiga makofi, nikaruka juu ya benchi, nikamwita Mama Shiro aje aone. Nilidhani Odhis naye atapiga kelele kama vijana wengine wanavyofanya wakifunga bao. Yeye aliweka padi sakafuni taratibu. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na nchi ya kijani ambayo hakuna mtoto wa Ziwani aliyewahi kuikanyaga, na Jamaa alisimama pale akingoja mtu amsogeze.

"Kumbe alikuwa tayari kitambo," Odhis akasema.

Kisha akalia. Kaka yangu, aliyekuwa ameanza kuota ndevu, alilia kwa sauti mbele yangu, na mimi sikuelewa, nikamwambia, "Lakini umeshinda." Mama Shiro aliingia akifuta mikono kwa aproni, akaona kioo, akamwona Odhis, akazima televisheni nyingine iliyokuwa haina mtu. Nje mandazi yaliungua. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho mimi kuona mandazi ya Mama Shiro yakiungua.

Hakurudi shule ile. Mama alizunguka kutafuta nyingine, mpaka mtaa wa Majengo, lakini kila mahali waliuliza kwa nini kijana mkubwa namna hii bado hajafika la nane, wakamtazama Odhis kana kwamba ndiye aliyejificha. Mwishowe alikaa na fundi wa mageti na madirisha, akajifunza kuchomelea vyuma, na kazi hiyo anaifanya vizuri. Mimi niliendelea. Nilifaulu. Siku ya zawadi mwalimu mkuu alinishika bega, tukapigwa picha na lile kombe, na mama aliitundika sebuleni kwa sababu ilikuwa picha ya mwanawe na mwalimu. Nilipokua nikaelewa mean ni nini, niliishusha mwenyewe. Sikumweleza mama sababu. Alikuwa amesema asante kwa nia njema, na sikutaka kumnyang'anya hilo pia.

Ningeweza kusamehe darasa la nane. Watu wengi hawakufika na wanaishi. Nisichoweza kusamehe ni lile neno, "hajaiva". Odhis alinunua ploti huko Njiru, akajenga pole pole, tofali kwa tofali, madirisha na mageti akachomelea mwenyewe. Nyumba ina paa. Ina maji, ina stima, ina sinki. Imekaa hivyo muda mrefu, popo wameanza kuipigia hesabu, na yeye bado anakodisha chumba na mkewe na watoto. Ukimuuliza anasema amebakisha rangi. Ikipakwa rangi anasema amebakisha vigae. Mke wake hunipigia akilia. Kabla hajafanya jambo lolote, hata kubadilisha fundi wa kumsaidia, yeye mwenyewe hunipigia: "Sister, unaona niko ready kweli?" Mtu mzima mwenye mvi. Mzee yule alimtilia chura kichwani, na chura huyo hatoi nguvu, anakaa tu.

Leo jioni nilimpigia. Nilimwambia mwalimu mkuu amekufa, na kwamba mazishi ni Jumamosi, na kwamba natakiwa kuandika kitu cha kugusa moyo. Nilisikia mashine ya kukatia vyuma ikizimwa nyuma yake.

"Wewe unaandika nini?"

"Naandika vyura."

Nilidhani atanikataza, maana Odhis ana adabu; hilo mwalimu alilisema kwa haki. Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha yoyote.

"Hiyo Jumamosi utaenda?" akauliza.

"Siendi."

"Sawa. Basi kuja hapa mapema, na uvae nguo ya kazi. Nitatafuta lori, tuhame."

"Na vigae?" nikamuuliza.

"Wachana na vigae," kaka yangu akasema. "Hiyo nyumba imekuwa tayari kitambo."